Barua kwa vijana wa besiboli: tazameni miaka ya Gift Ngoepe, si siku yake moja

Marahaba, wanangu. Salamu zenu nimezipokea, ninyi mnaofanya mazoezi kwenye uwanja wa Azania hapa Dar es Salaam, ninyi wa Lugazi na Kampala, wa Kenya, na wengine popote mlipo mnaoazimana glovu moja watu wanne. Kila tukikutana mnaniuliza swali lile lile: mtoto wa Afrika anafikaje ligi kuu ya Marekani? Nimeona nijibu mbele ya wote. Yupo aliyekwisha kufika, na alilelewa katika nafasi hiyo hiyo mnayoigombania, ya shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu.

Ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1990. Tarehe 26 Aprili 2017 aliingia uwanjani Pittsburgh akiwa na jezi ya Pirates, timu ya mji huo, iningi ya nne (raundi ya nne kati ya tisa za mechi), dhidi ya Chicago Cubs waliokuwa mabingwa watetezi. Mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, alikuwa Jon Lester wa Cubs, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake. Ngoepe akapiga, mpira ukapita katikati, akafika salama besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji. Zamu yake ya kwanza kabisa kushika gongo katika ligi kuu! Hakuna mchezaji aliyezaliwa na kukulia Afrika aliyewahi kucheza ligi hiyo kabla yake. Pirates walishinda 6 kwa 5.

Najua video hiyo mnayo kwenye simu. Itazameni, ni haki yenu kufurahi. Lakini mkimaliza, nataka mfikirie jambo ambalo video haiwezi kuwaonyesha: mkataba wake na Pirates aliusaini mwaka 2008.

Hesabuni wenyewe. Alicheza madaraja ya chini, yale ambako klabu za ligi kuu huwalea wachezaji wao, misimu minane mizima, na ule wa tisa ukawa umeshaanza ndipo alipoitwa. Alisaini akiwa kijana wa miaka kumi na minane, akaingia ligi kuu ana ishirini na saba. Wengi wenu mnaniambia mnaupa mchezo huu miaka miwili au mitatu mwone utakavyokuwa. Siwakatazi kuwa na mipango mingine. Ila msijiite mnafuata njia ya Ngoepe kama miaka miwili ndiyo mliyokusudia.

Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu ya Randburg Mets, karibu na Johannesburg, akifanya usafi na upishi. Familia iliishi katika chumba kidogo ndani ya jengo la klabu. Nimesikia baadhi yenu wakisema huyo alikuwa na bahati, uwanja ulikuwa mlangoni kwake. Sipendi kauli hiyo. Chumba cha mtumishi ni chumba cha mtumishi, na mtoto wa mtumishi hakaribishwi mchezoni kwa sababu tu analala jirani na uwanja. Yeye alicheza mpaka wakaona hawawezi kumwacha nje.

Kutoka hapo alichaguliwa kwenda Tirrenia, Italia, kwenye kambi ya mafunzo ya ligi kuu kwa vijana wa Ulaya na Afrika. Huko alifundishwa na Barry Larkin, shotistopu wa zamani wa Cincinnati Reds, na wasaka vipaji wakamwona. Akawa mtu mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kusaini na klabu ya ligi kuu ya besiboli.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii, maana ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Klabu ikikusaini haikupeleki ligi kuu. Inakupeleka chini kabisa. Ngoepe alianzia Florida mwaka 2009, kwenye ligi ya wanaoanza, mechi za mchana juani bila watazamaji wa kusema. Akapanda kwenda State College, Pennsylvania, kisha West Virginia, kisha akarudi Florida daraja la juu kidogo, kisha Altoona, ambako alikaa muda mrefu, na hatimaye Indianapolis, ngazi moja chini ya ligi kuu. Safari za basi usiku kucha. Mshahara wa miezi ya msimu tu, na mdogo kiasi kwamba wachezaji wa madaraja hayo walikuja kupata mkataba wao wa kwanza wa pamoja wa malipo bora mwaka 2023. Mwaka ule wa 2017 mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 535,000. Hizo ndizo mnazozisikia. Za Altoona hamjazisikia.

Na kila mwaka klabu inaleta vijana wapya wa nafasi yako, wenye umri mdogo kuliko wewe, na wengi wamelipwa fedha nyingi zaidi kusaini. Huyo ndiye unayeshindana naye kila asubuhi, na ndiye mnayekula naye meza moja jioni.

Kitu gani kilimweka Ngoepe humo miaka yote hiyo? Gongo halikumsaidia sana. Naliandika hili wazi kwa sababu kumpenda mtu si kumficha udhaifu wake. Alipata shida ya kupiga karibu kila daraja. Kilichomweka ni glovu. Shotistopu anasimama kati ya besi ya pili na ya tatu, na mipira mingi ya chini, ile inayodunda au kuviringika ardhini, inayopigwa na watu wa mkono wa kulia inakuja upande wake. Mkimbiaji mwepesi anafika besi ya kwanza kwa sekunde nne na kidogo. Ndani ya muda huo lazima uusome mpira ukingali unatoka kwenye gongo, uufuate, uuchukue unapodunda vibaya, uutoe kwenye glovu na kuurusha ng'ambo ya uwanja kwa nguvu na shabaha. Ukikohoa tu, mtu amefika. Ngoepe alijulikana kwa kazi hiyo, na makocha wa kila daraja walimhitaji hata wiki ambazo alikuwa hapigi kitu.

Nikija mazoezini kwenu naona foleni ndefu ya wanaotaka kupiga. Kocha akiita mazoezi ya mipira ya chini, nusu wanakwenda kunywa maji. Wanangu, kupiga mpira mbali kunapigiwa makofi, nami napiga makofi hayo pia. Lakini viwanja vyetu vina mashimo na mawe, mpira unaruka usivyotarajia, na mnalalamikia hilo kila siku bila kuona kuwa mnafundishwa. Anayeweza kuuchukua mpira wa chini hapa kwetu, nyasi za Marekani hazitamsumbua. Hapo ndipo mlipo na kitu ambacho vijana wa huko hawana, nanyi mnakikimbia!

Mnaipenda methali ya mvumilivu hula mbivu. Mimi naiogopa kidogo ikitumiwa vibaya, maana wapo wanaodhani uvumilivu ni kungoja. Ngoepe hakungoja. Alitoka akiwa shotistopu, akajifunza na besi ya pili na ya tatu ili kocha asikose mahali pa kumweka, na siku aliyoitwa Pittsburgh alikwenda kuziba pengo, wala si kukabidhiwa nafasi yake ya zamani. Mwaka 2013 mama yake alifariki, yeye akiwa mbali huko. Alirudi nyumbani kumzika, kisha akarejea kazini. Mama hakuwahi kumwona ligi kuu. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo, ila nawaomba mnaotaka kuondoka mkae na wazazi wenu mzungumze jambo hilo kabla ya safari. Umbali huo ni wa kweli, na simu haiufuti.

Baada ya kufika nako hakukuwa kwepesi. Alicheza mechi 28 kwa Pirates mwaka huo, akahamishiwa Toronto Blue Jays, timu nyingine ya ligi kuu, akacheza 13 mwaka 2018, basi. Mechi 41 kwa jumla. Wapo wanaoona ni kidogo. Mimi naona mlango uliofungwa tangu ligi hiyo ianze ulifunguliwa, na mwaka 2019 Mwafrika Kusini mwingine, mrushaji Tayler Scott, akapita hapo hapo. Mdogo wake Ngoepe, Victor, naye alisaini na Pirates.

Ninyi wa Uganda mnajua njia hii inavyoweza kukatika kwa makaratasi. Mwaka 2011 watoto wenu walishinda tiketi ya mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, wakashinda mechi. Mwaka 2022 vijana wawili wa kwenu wakasaini na Los Angeles Dodgers, klabu ya ligi kuu. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa viwe sahihi, majina yafanane kwenye kila karatasi, na umri usiguswe. Anayekushauri upunguze miaka anakuuza. Na mtu asiyejulikana akileta mkataba, usitie sahihi siku hiyo. Mpelekee mzazi, mpelekee mwalimu, atafutwe mwanasheria. Klabu ya kweli itasubiri wiki.

Shule msiache. Katika kila kambi wanaoachwa ni wengi kuliko wanaopanda, na wanaachwa wakiwa na miaka ishirini na kitu.

Walimu na makocha mnaosoma hapa, ombi langu kwenu ni dogo. Anzeni mazoezi na mipira ya chini, kupiga kuje mwisho. Jumamosi nitakuja Azania kuangalia, na nataka kila mmoja apokee mipira hamsini kabla gongo halijatolewa kwenye mfuko.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa michezo, Dar es Salaam