Kadi yako ya Abu Simbel

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Kadi yako imefika juzi. Pembe moja imekunjika, na karani wa huko kaugonga muhuri kama ana ugomvi nawe, wino umetapakaa hadi kwenye jina langu. Wala usiombe radhi. Kadi safi ya dukani haijaenda popote, hii imesafiri.

Nilipoziona zile sanamu nne za farao Ramses II mbele ya hekalu la Abu Simbel, nilikimbilia albamu yangu ya stempu. Ninayo stempu ya Misri ya 1914, ya milimu 100 (milimu ni sarafu ndogo ya Misri), yenye hekalu hilohilo. Sasa sikia kichekesho: katika seti hiyohiyo, stempu ya milimu 200 ina Bwawa la Aswan. Hekalu na bwawa, ndugu wa tumbo moja! Ni kweli lile lilikuwa bwawa la kwanza, lililokamilika 1902. Lililotaka kulimeza hekalu ni lile Kuu, lililoanza kujengwa 1960. Lakini mimi nikiziona stempu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja, nacheka peke yangu.

Basi ili kuliokoa hekalu, kati ya 1964 na 1968 wakaupasua mwamba vipande zaidi ya 1,000, wakavipandisha kiasi cha mita 65 na kuvipanga upya. Kwa hiyo pale stempu yangu inapopaonyesha, leo ni maji ya Ziwa Nasser. Kadi yako ni hekalu lilelile, limeshahama. Nimekesha na kioo cha kukuzia nikitafuta alama za msumeno kwenye magoti ya Ramses. Mke wangu akauliza natafuta nini. Nikamwambia, "Mshono." Akaniletea sindano na uzi.

Ninazo pia chache za 1964, za nchi za Afrika Magharibi, zilizotolewa UNESCO ilipokuwa ikiomba msaada wa kuyaokoa mahekalu ya Nubia, nchi ya kale ya kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan. Bei yake imeandikwa kwa kujumlisha: ya posta, halafu nyongeza ya mchango. Mtu anamwandikia shangazi yake, kumbe analipia hekalu.

Za Tunisia za 1906, zenye msikiti wa Kairouan, usiniulize. Zilikuwa mpya, na gundi yake. Unyevu wa masika ukazigandisha kwenye karatasi, nami kwa papara nikazing'oa kwa kucha. Nusu ya msikiti imebaki kwenye albamu.

Sasa nina ombi. Nitafutie kadi ya Philae, hekalu jingine lililohamishwa, na stempu yoyote yenye picha hiyohiyo. Ibandike upande wa picha, si nyuma, kisha mwombe karani apige muhuri taratibu, nusu juu ya stempu, nusu juu ya kadi. Itie kwenye bahasha ndipo uitume. Akikataa, mchekee, wewe na Kiarabu chako cha Al-Azhar hushindwi. Na nyuma usiache patupu kama watalii. Andika chochote, hata bei ya maharage ya asubuhi. Kadi isiyoandikwa naiona kama sahani isiyo na chakula.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama umeshaoa Mmisri au bado. Usijibu kwa simu.

Wako,
Hamisi