Mama Rehema, mwache mtoto asome

Mama Rehema,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila baridi ya huku Melbourne haina adabu. Nimekaa kimya siku nyingi, najua utanilaumu, lakini lawama ziweke kiporo kwanza, kuna jambo limenikera.

Mama Furaha kaniambia mlimtoa Rehema shuleni akufasirie hospitalini. Tena mambo ya kizazi! Mtoto wa miaka 11 kakaa katikati, daktari anauliza habari za damu, yeye anakutazama usoni hajui aseme nini. Mbona hivyo, dada? Hospitali za serikali hapa Australia zina wakalimani, hulipi hata senti. Simu ya wakalimani nayo ni 131 450, unataja Kiswahili wanakutafutia mtu, hata usiku wa manane.

Najua utasema, "Mkalimani mwenyewe ni wa jamii yetu, Jumapili habari zangu ziko kanisani." Mama Zawadi naye alikuwa na hofu hiyo, na sikumcheka, kwa umbea tunajijuana. Lakini kazi yao ina sheria ya kutunza siri. Omba mwanamke. Omba wa simu, aliye mji mwingine kabisa.

Sasa hivi bado una mtu wa kukushika mkono, ofisi ya posho ya Centrelink twende, bima ya afya ya Medicare twende. Msaada ule wa wakimbizi wapya kwa kawaida hauvuki miezi 18. Wengi nimewaona wanayumba mwaka wa pili, wala si wa kwanza. Kwa hiyo shule ya Kiingereza usiiache: ni bure, na ule ukomo wa saa 510 za masomo uliondolewa mwaka 2021. Baba Rehema naye, mwalimu mzima anakata nyama zamu ya usiku... haya, hilo tutaongea kwa simu.

Ila Rehema! Barua za Centrelink anasoma yeye, simu ya mwenye nyumba anapokea yeye, sasa na ugonjwa wa mama aubebe yeye? Humo ndani mzazi anabaki nani?

Hebu niambie: daktari alisema nini hasa? Unarudi lini, na umeshawaambia wakuwekee mkalimani? Darasani kwenu wanakulelea yule mdogo wakati unasoma? Baba Rehema amepeleka vyeti vikakaguliwe, au bado vimelala kwenye begi? Na yule mzee tuliyemwacha kambini Kakuma, mmepata habari zake?

Dada yako,
Mama Baraka