Umeme hauoni sumu, unaona chumvi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi imesema vipimo vya umeme "vinaona sumu" ndani ya mwamba. Kazi yangu ni kupima kwa njia hiyo hiyo, na naipenda kwa kuwa inatuepusha kutoboa ovyo. Ila sumu haiioni, na msomaji akiamini hivyo anaweza kunywa maji yasiyofaa.

Tunapigilia vigingi vinne vya chuma kwa mstari. Viwili vya nje vinapeleka mkondo ardhini, viwili vya ndani vinasoma volteji. Hapo tunapata ukinzani, yaani kiasi ardhi inavyouzuia umeme usipite, basi. Punje za mchanga zilizoshikamana zikawa mwamba karibu hazipitishi umeme kabisa. Umeme unapita kwenye maji yaliyomo ndani ya vitundu vilivyo kati ya punje hizo. Gus Archie, mhandisi wa mafuta wa Marekani, alilieleza hilo kwa kanuni mwaka 1942: chumvi ikizidi majini, ukinzani wa mwamba wote unashuka. Ndiyo sababu majimaji yanayochuruzika kutoka dampo, yenye chumvi nyingi, huonekana waziwazi.

Na sumu iitwayo aseniki je? Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Hata ikizidi mara kumi, ni kidogo mno mbele ya chumvi za kawaida za kisima, na kipimo chetu hakitatikisika.

Tena udongo wa mfinyanzi unapitisha umeme hata ukiwa na maji safi. Nimesimama kando ya shimo lililotobolewa penye ukinzani mdogo, kila mtu akingoja uchafu. Keekee ilipanda imegandwa na mfinyanzi wa kijivu, laini kama siagi. Maji yake hayakuwa na kasoro.

Petroli ndiyo inayochanganya zaidi. Ikimwagika leo na kusukuma maji nje ya vitundu, ukinzani unapanda, kwani yenyewe haipitishi umeme. Baada ya miaka bakteria wanaoila hutoa asidi, asidi inamumunya madini ya mwamba yakawa chumvi majini, na ukinzani unaweza kushuka kuliko ulivyokuwa mwanzo. Uvujaji mmoja, ramani mbili zinazopingana!

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kifanywe kabla tangi la petroli halijafukiwa, kisha kirudiwe kwa vigingi vilevile, mahali palepale, na joto la ardhi lihesabiwe, maana kila nyuzi moja ya Selsiasi hubadili matokeo kwa takriban asilimia 2. Na visima vichache vitobolewe maji yapelekwe maabara.

Nawaomba, mkichapisha tena ramani ya aina hii, mwonyeshe juu yake visima vilipotobolewa na maabara ilikuta nini. Kama hakuna kisima hata kimoja, mwandike hivyo chini ya picha.

Mpimaji wa maji ya chini ya ardhi