Barua kwa mwanangu aliyeko kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimefurahi umepata kazi ya mkonge huko Korogwe. Asikutishe mtu kwamba mwenye kisukari hawezi kazi ya nguvu. Anaiweza. Kinachomwangusha ni kuchoma insulini alfajiri kisha uji ukachelewa, au mzigo ukazidi wa jana na chakula kikabaki kile kile. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kwenye damu, na insulini nayo inavuta. Tumbo likiwa tupu, sukari hushuka chini ya 4 kwa kipimo cha mmol/L.

Basi pima kabla ya zamu. Ikisoma chini ya 5, kula kwanza, mashine itasubiri. Na sindano ya asubuhi choma tumboni, siyo pajani wala mkononi, maana kiungo kinachotumika sana huifanya insulini iingie haraka kuliko ulivyopanga.

Hapo kwenye korona kila mtu analowa jasho, kwa hiyo jasho halitakuambia kitu. Tazama vidole vyako. Vikitetemeka, ukashindwa kufunga fundo ulilolizoea, midomo ikafa ganzi, au hasira zikakupanda bila sababu, toka mbele ya mashine kwanza, ndipo upime. Usiseme "nimalizie fungu hili." Sukari ikishuka, akili ya kutambua kwamba imeshuka nayo huyumba, na mashine ile ikishika mkono haiuachii.

Ikisoma chini ya 4, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari, vilivyojaa, kwenye nusu glasi ya maji, unywe. Au soda ya kawaida, nusu ya chupa ya mililita 300. Ile isiyo na sukari haitakusaidia kitu. Subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini ya 4? Rudia. Ikishapanda ndipo ule muhogo au mkate wa kukushikilia. Usianze na andazi, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Mwambie mnyapara na mwenzako wa karibu, mwanangu, usione haya. Wajue kwamba ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni, utapaliwa. Wakulaze ubavu na wakukimbize hospitali.

Siku ya kazi nzito pima tena kabla ya kulala. Misuli huendelea kujijazia sukari iliyotumika, hata saa 24 baadaye, na kushuka kwa usiku ndiko ninakokuogopea zaidi. Ikitokea mara mbili, nenda kliniki wakupangie upya uniti za insulini, usipunguze kwa kubahatisha.

Chupa ya insulini uliyokwisha kuifungua itunze ndani ya chungu kilichokaa kwenye mchanga wenye maji, kivulini, na isizidi wiki 4. Buti zikung'ute kila asubuhi, na jioni tazama nyayo kwa kioo: kisukari kikitia miguu ganzi, mwiba wa mkonge unaweza kukaa siku tatu bila wewe kuusikia.

Ukiugua, usijikaze kazini. Ukishatimiza miezi 6, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari.

Sukari nimeifunga vijiko vitatu vitatu, vifurushi kumi, ndani ya nailoni isiingie jasho. Kimoja kikae mfuko wa shati kila siku.

Mama yako