Njooni Mnunue Picha za Waheshimiwa

Wazazi, walezi na marafiki wa shule,

Safari hii hatukuwaomba viongozi bahasha. Tumempelekea kila mmoja karatasi ngumu, brashi mbili na rangi za maji, tukamwomba achore kwa mkono wake mwenyewe. Picha hizo tutazipiga mnada Jumamosi ya kufunga muhula ili tuezeke chumba cha sanaa. Kuta zimesimama, paa bado. Kwa sasa watoto wanachorea chini ya mti, na mvua ikinyesha somo limekwisha.

Wapo waliouliza nani atatoa fedha yake kununua picha ya mtu asiye mchoraji. Tunawajibu kwa mifano. Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alishika brashi mwaka 1915, ana miaka 40, baada ya kuondolewa kwenye uongozi wa jeshi la majini. Hadi anafariki alikuwa amechora picha zaidi ya 500. Insha yake juu ya uchoraji ndiyo iliyomvuta George W. Bush kwenye uchoraji alipomaliza urais wa Marekani, na mwaka 2017 akatoa kitabu cha sura za wastaafu wa jeshi, mapato yakaenda kuwahudumia wastaafu. Jimmy Carter, naye rais wa zamani wa Marekani, alichora na kuranda mbao, kazi zake zikapigwa mnada kwa ajili ya kituo chake cha hisani. Wote ni wachoraji wa ridhaa.

Diwani wetu alikuja kuchorea hapa hapa, akaketi na watoto kwa muda wa karibu saa mbili. Majani ya mti wake yalikuwa yanachuruzika. "Mwanangu, mbona hayakai?" Binti wa darasa la tano akamjibu, "Punguza maji, mheshimiwa," kisha akamwonyesha kutia tone la nyekundu kwenye kijani ili kisiwake mno. Noti ya mchango isingemkalisha pale.

Kwa hiyo tunawasihi waheshimiwa ambao hawajaleta: msimpe fundi awachoree. Mkono unaotetemeka ndio tunaoutaka. Rangi na alama za vyama hapana, hotuba za kuomba kura hapana.

Nanyi wazazi, njooni na chochote mlicho nacho. Dalali ataanzia bei ya chini kila mtu aweze kunyanyua mkono. Asiyetaka picha alete bati, misumari au siku moja ya kazi. Kila mchango utaandikiwa risiti, na hesabu itabandikwa mlangoni pa ofisi.

Picha zimeanza kutundikwa darasa la sita. Piteni mchague mapema. Mti wa diwani ndio wa kwanza ukiingia.