Wimbo ulionishusha kwenye daladala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Pangani, na nimekaa Makorora hapa Tanga tangu nilipoolewa. Kazi yangu niliifanya miaka 32, mingi katika wodi ya wazazi. Ninaandika kuhusu hip hop, na najua wenzangu wa rika langu wakiliona neno hilo watakimbilia ukurasa wa michezo. Nawaomba wasubiri kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wawili wa hapa hapa Tanga, Mkoloni na Dr. John, kundi la Wagosi wa Kaya, walitoa wimbo uitwao "Wauguzi", wa kutusema sisi wauguzi kwa kauli zetu mbaya kwa wagonjwa. Wasomaji wengi wanaukumbuka. Walichana, yaani walighani mistari yao juu ya mdundo, kwa lafudhi yetu wenyewe, ile ya mgosi, mwanamume wa kwetu, akizungumza na mgosi mwenzie, na waliyekuwa wakimchana ni mimi. Jina langu hawakulitaja, lakini kila aliyekuwa akivaa gauni jeupe nchi hii alijua kuwa ametajwa.

Siku niliyousikia kwa mara ya kwanza nilikuwa natoka zamu ya usiku. Nilikuwa ndani ya kipanya, daladala ndogo, kiti cha nyuma ya dereva, sare mwilini, miguu imevimba ndani ya viatu. Redio ikaupiga. Konda akanitazama, akanyoosha mkono, akaongeza sauti. Hakuna abiria aliyesema neno. Mama mmoja aliyempakata mtoto aligeukia dirishani, lakini bega lake lilikuwa linacheza taratibu likifuata mdundo. Nilishuka vituo viwili kabla ya kwangu, nikamaliza njia kwa miguu, jua la saa mbili asubuhi likinipiga utosini.

Wiki nzima nilikuwa na hasira. Kule kwenye chumba cha zamu tuliungana wote: hawa watoto wanajua nini? Wanajua kwamba usiku ule nilikuwa peke yangu na wazazi kumi na mmoja, wengine wawili wawili kitanda kimoja? Wanajua kwamba glavu ziliisha saa saba usiku? Yalikuwa kweli hayo, na hata leo nitayasema mbele ya yeyote. Muuguzi aliyechoka hakuumbwa na ulimi mchafu. Amefikishwa hapo.

Kilichonigeuza ni binti mmoja wa mimba ya kwanza, miezi michache baadaye, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa analia kwa uchungu na kuita mama yake. Nikafungua kinywa nimpe ile kauli tuliyorithi sote kwa waliotutangulia: "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba, ulituita?" Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nguo mkononi. Akaanza kuuvumisha wimbo ule puani. Hakutamka hata neno moja, ni ule mdundo tu, chini chini. Kauli ikanigandia mdomoni. Badala yake nikamuuliza yule binti jina lake.

Akaniambia. Na nilipokuwa namwandika nikagundua kwamba usiku ule nilikuwa nimekwisha zalisha wanawake watatu na ninawajua kwa namba za vitanda tu.

Mhariri, semina za lugha nzuri kwa wagonjwa nimehudhuria nyingi, vyeti vyake viko kabatini. Semina tulikaa wauguzi peke yetu, tukala chakula cha mchana, tukarudi kazini tukiwa wale wale. Wimbo uliingia kwa mgonjwa. Yule dada mlangoni hakuwa na cheo, hakuwa na fedha, hajui sanduku la maoni liko wapi, na hata angelijua, ufunguo wake tulikuwa nao sisi. Lakini alikuwa na wimbo, na mimi nilijua kwamba anao. Mizani kati yetu ikasogea. Ninaposikia watu wakisema muziki huu una nguvu ya kuibadili jamii, mimi sifikirii jukwaa wala taa. Namfikiria yule dada na beseni lake.

Nimekulia kwenye maneno yenye uzito, kama alivyokulia mtoto yeyote wa pwani hii. Marehemu baba yangu alikuwa akitusomea mashairi ya gazetini kwa sauti, na alihesabu mizani kwa vidole, nane na nane. Akikuta mstari umepungua mizani moja aliguna kana kwamba ameibiwa. Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962, ni hapa tu jirani na mji. Taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star tumeicheza harusini. Na mwanamke wa Tanga akitaka kumsema jirani huvaa khanga akapita nayo mbele ya mlango. Kwa hiyo kusemana kwa sanaa si jambo geni kwetu. Ila taarabu na khanga hupiga fumbo, na anayesemwa anaweza kujitia hakusikia. Vijana wa hip hop hawafumbi. Wanakutajia benchi, foleni, saa na kauli uliyoitoa. Ndiyo maana inauma, na ndiyo maana inafanya kazi.

Mjukuu wangu wa kiume, ambaye ndiye mwalimu wangu katika mambo haya, amenieleza muziki huu ulikoanzia. Bronx, New York, ilikuwa mahali pa nyumba zilizoungua na barabara kuu iliyopasua mitaa ya watu katikati. Desemba 1971 kijana wa kundi la Ghetto Brothers aliyetumwa kusuluhisha ugomvi aliuawa. Watu wakasubiri kisasi. Wenzake wakakataa kulipiza, wakayaita makundi mengine kikaoni Desemba 8, wakapatana. Miezi ishirini baadaye, Agosti 11, 1973, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, ambaye dunia inamjua kama Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe aliyoiandaa dada yake katika ukumbi wa chini wa jengo walimoishi, namba 1520 Sedgwick Avenue. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji wanapandwa na mori pale ngoma zinapobaki peke yake, basi akawa anatumia sahani mbili za santuri kuirefusha sehemu ile, anairudia na kuirudia. Mpiga ngoma yeyote wa Bondei angemwelewa. Mjukuu wangu huishia kwenye sahani za santuri. Mimi hubaki kwenye kile kikao cha Desemba, kwa sababu nimeshona majeraha ya visu usiku wa manane na najua ni vijana wangapi wanaoletwa baada ya mtu kukosa mahali pa kuzungumza.

Kwetu Makorora wanakutana Jumapili baada ya sala ya alasiri, kivulini kwa fundi baiskeli. Wako kumi, wakati mwingine kumi na watano. Wanasimama duara, mmoja anapiga biti, yaani mdundo, kwa mdomo au simu inawekwa ndani ya kikombe cha bati ili sauti iongezeke, na kila mmoja anaingia na mistari yake kwa zamu. Sikuwapenda mwanzoni. Baadhi yao walikuwa na mistari ya kuwatukana wanawake, na niliwaambia wazi kwamba hiyo siisikilizi. Aliyewanyamazisha si mimi, ni binti mmoja aliyeingia kwenye duara akawajibu mstari kwa mstari mpaka fundi akaweka spana chini.

Huyo binti alipata mimba akiwa kidato cha pili. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, naye akarudi. Ana ubeti mmoja kuhusu siku yake ya kwanza kliniki. Anaeleza benchi lililojaa tangu alfajiri, kadi iliyoloa jasho mkononi, na muuguzi aliyemuuliza kwa sauti kubwa, mbele ya foleni nzima, baba wa mtoto ni nani. Kisha anasema: "Nilikuja nipimwe presha, nikapimwa na macho ya watu." Niliusikia mstari huo nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya fundi iliyogeuzwa, nikashindwa kuinua uso. Muuguzi yule si mimi, nilikuwa nimekwisha staafu. Lakini swali lile nimewahi kuliuliza, na kwa sauti ile ile.

Mwaka 2024, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipopanuliwa kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu, mtaani kwetu uvumi ulikuwa umekwisha tangulia: chanjo inafunga kizazi. Vijana walinifuata nyumbani. Tulikaa barazani jioni mbili. Niliwaeleza kirusi kinavyoambukizwa, kwa nini chanjo hutolewa kabla msichana hajaanza kukutana na wanaume, na kwamba hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Nimewaona wanawake hao, harufu ya wodi yao haijanitoka. Wakaniuliza maswali magumu kuliko niliyowahi kuulizwa kazini. Mmoja hakuandika ninachosema mimi. Alianza kwa kuandika anachosema bibi yake, hofu yote, kwa sauti ya bibi, bila kumcheka, halafu ndipo akajibu. Mimi katika miaka 32 sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa naanza na majibu. Siku waliyouchana pale kivulini, mama mmoja muuza vitumbua alisimama mpaka mwisho, ungo kichwani, na kesho yake akaja kwangu na bintiye kuuliza wanachanjia wapi.

Habari zikafika kwa wakubwa. Ofisi moja, ambayo nayo siitaji, ikawaalika wakachane kwenye siku ya afya. Tulifurahi. Wakaambiwa walete mistari ikaguliwe. Ubeti wa chanjo ukapita. Ubeti wa binti ukakatwa kwa kalamu nyekundu, eti unachafua sura ya kituo. Badala yake wakapewa karatasi yenye maneno ya kuwashukuru viongozi, na wakaombwa wayatafutie biti. Wakayachana. Wakapewa fulana na soda. Binti hakupanda jukwaani, na kwenye duara hakuonekana kwa Jumapili tano.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Nilipokelewa vizuri, nikapewa kiti. Nikaambiwa, "Bibi, tunawaunga mkono vijana, lakini lazima wawe na nidhamu." Nikasema ubeti ule hauna tusi hata moja. Nikajibiwa kwamba mambo ya ndani yana taratibu zake. Sijui yana undani gani mambo yaliyosemwa kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Siku hizi kila mwenye kampeni anawataka hawa vijana. Chanjo, usafi, uchaguzi, kodi, wote wanataka biti. Heshima imekuja, sikatai. Nakumbuka muziki huu ulivyoitwa wa kihuni, kisha wachanaji wenyewe wakaingia bungeni: Sugu mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, Profesa Jay akafuata mwaka 2015 kwa Mikumi, na jirani yetu MwanaFA akachaguliwa Muheza mwaka 2020, na 2023 akateuliwa Naibu Waziri. Lakini mama muuza vitumbua hakusimama na ungo wake kwa sababu vijana wanajua kupangilia vina. Alisimama kwa sababu ni wale wale waliowahi kusema bomba la mtaa halitoi maji na kweli lilikuwa halitoi. Ukiwafundisha kusifu tu, siku watakapomwambia chanjo ni salama hatakuwa na sababu ya kuwaamini wao kuliko bango la ukutani. Ofisi haiwezi kuukata ubeti wa kliniki ikabaki na ubeti wa chanjo ukiwa na nguvu ile ile.

Kwa hiyo wauguzi wenzangu mlioko kazini, ombi langu ni kwenu kabla ya wakubwa. Najua mko wachache na najua glavu. Ubeti wa binti una mistari kumi na sita, hauzidi dakika moja. Usikilizeni mkiwa mmekaa chini. Mkiona mmeonewa, jibuni. Vijana hao hao watawasaidia kuandika kuhusu zamu ya muuguzi mmoja na wazazi kumi na mmoja, kwa sababu nimewasimulia na mmoja amekwisha kuanza. Na wenye kuandaa siku za afya, wekeni dakika hiyo moja kwenye ratiba, bila kalamu nyekundu. Kituo kilichokubali kusemwa kitapata wateja, si kuwapoteza.

Binti nilimfuata kwao Jumamosi iliyopita. Alikuwa anafua, mtoto kafungwa mgongoni. Nilimwambia kisa cha kipanya, ambacho nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu nje ya familia yangu. Akaniuliza kama yule dada wa mlangoni nilipata kujua jina lake. Nikamwambia hapana, nilimuuliza mgonjwa tu. Akafua kimya kwa muda, kisha akasema Jumapili atakuja, na ubeti ataurefusha.

Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga