Kabla ya ekzosti, tuanzieni kwenye breki

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu watu wanaotengeneza na kuboresha magari yao ya spoti wenyewe nyumbani. Kwanza nashukuru mmeandika, maana sisi tunaomaliza wikiendi nzima tumelala chini ya gari watu wanatuona kama tumekosa kazi, sasa kuona gazeti limetupa nafasi kubwa vile nilifurahi kweli. Ila kuna mambo mawili yamenikaa rohoni. La kwanza ni ule mpangilio wenu wa vitu vya kuanza navyo, mmeanza na ekzosti, ikaja filta ya hewa, ikaja programu ya injini, ikaja turbo, halafu breki mkazitaja mwishoni kabisa kwa mstari mmoja. La pili ni ile picha, nitaifikia.

Mimi nina Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, kile kigari cha viti viwili chenye paa la turubai kilichoonyeshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989 na ambacho, ukijumlisha matoleo yote, hadi 2016 vilikuwa vimeshatengenezwa milioni moja. Langu lina injini ya 1.6, nguvu za farasi kama 115 hivi, na uzito wake haufiki tani moja. Ukiliendesha unaelewa haraka kwamba utamu wake hauko kwenye spidi, uko kwenye kona. Na mimi nilipolinunua nilifanya hivyohivyo mlivyoandika nyinyi, ekzosti kwanza, filta ya wazi ikafuata, sauti ikawa nzuri sana lakini nguvu kusema ukweli sikuiona, maana ile filta ilikuwa inavuta hewa ya moto ya palepale chini ya boneti. Oili ya breki hata sikuiangalia. Sikujua mara ya mwisho imebadilishwa lini na wala sikumuuliza aliyeniuzia.

Siku moja nashuka mteremko mrefu wenye kona nyingi, gari linaimba, mi nimefurahi, nakanyaga breki kila kona. Kona ya nne au ya tano nikakanyaga pedeli ikaenda chini laini kama nimekanyaga sponji, gari halipungui. Nikapampu harakaharaka, nikaingiza gia ya tatu, ya pili, injini ikalia, nikawa navuta hendibreki kidogokidogo nikiogopa nyuma isije ikateleza, likasimama magurudumu ya kushoto yakiwa yameshaingia kwenye nyasi. Nilikaa pale nusu saa. Nilipokanyaga tena pedeli ilikuwa imerudi kama kawaida, ngumu kabisa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, yaani ningelipeleka gari kwa fundi dakika ile angeniambia halina tatizo.

Tatizo lilikuwepo. Oili ya breki ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, inayavuta polepole hata gari likiwa limepaki tu, ndiyo maana kopo likishafunguliwa halikai. DOT 4, daraja mojawapo la oili ya breki, ikiwa mpya na kavu haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji ya kutosha kile kiwango kinashuka mpaka 155, na DOT 3 iko chini zaidi, 205 ikiwa kavu na 140 ikiwa na maji. Breki zikichemka kwenye mteremko zile nyuzi 155 zinafikiwa bila shida, oili inageuka mvuke ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na mvuke unabanika wakati oili haibaniki, kwahiyo mguu wako unabana mvuke na pedi hazipati nguvu ya kushika diski. Ikipoa mvuke unarudi kuwa maji na breki zinarudi. Injini ingekuwa na nguvu mara mbili ya ile ningefika kwenye ile kona na spidi mara ngapi? Hilo ndilo makala yenu haikumwambia msomaji.

Na kazi yenyewe ya kubadilisha oili ya breki mtu anaweza kuifanya mwenyewe akiwa na utulivu na msaidizi mmoja. Mimi nilimuita mdogo wangu akae kwenye kiti. Gari juu ya stendi, magurudumu yametolewa, kwenye ile nipo ya kalipa, kile kiskrubu cha kutolea oili na hewa, nimevalisha mpira mwembamba unaoingia kwenye chupa yenye oili safi kidogo ili hewa isirudi nyuma. "Kanyaga." "Nimekanyaga." "Shikilia hapohapo usiachie." Nalegeza nipo robo mzunguko, oili inatoka, naikaza, "haya achia." Ukikosea mpangilio huo, akaachia wewe hujakaza, umevuta upepo ndani na mnaanza upya. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, tukawa tunasogea karibu, na kila baada ya kukanyaga mara tano au sita naenda kuongeza oili kule juu kwenye kitangi chake isije ikakauka. Ile ya kwanza kutoka ilikuwa kahawia nzito, ina vichembe, halafu ghafla kwenye mpira ukaiona inabadilika, inakuja ya manjano mepesi unaona mpaka upande wa pili, na vipovu vikaisha. Nilipoweka mguu kwenye pedeli siku ile nikajua nimelinunua gari upya. Tahadhari moja tu, ile oili inakula rangi ya bodi, ikidondoka mwagia maji mengi palepale, na msichanganye DOT 5 na hizi nyingine, ile ni ya silikoni.

Baada ya breki nikaanza kuona gari lote kwa jicho jingine. Bushi za raba za miaka thelathini, vile vipande vinavyokaa kwenye viungo vya sasipensheni, zilikuwa zimepasuka zote, na gari hili lina mikono miwili ya sasipensheni kila gurudumu kwahiyo bushi ziko nyingi, kuzitoa ilinichukua wikiendi tatu na vidole vikavimba, lakini nilipozimaliza na kwenda kupimiwa alainimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, hakuna ekzosti duniani ingenipa raha ile kwenye kona. Oili ya gia boksi nikaweka ya daraja la GL-4, maana GL-5 nyingi si rafiki wa zile ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia, GL-5 mahali pake ni kwenye difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Taimingi belti nikabadilisha pamoja na wota pampu kwa sababu ukishafungua mpaka pale ni ujinga kuiacha ya zamani. Nikazibua pia vile vitundu vya kutolea maji ya mvua nyuma ya viti, kitu kidogo sana, lakini vikiziba maji yanatuama na kutu inakula chini ya milango kimyakimya.

Makosa nilifanya na nayasema ili mwingine asiyarudie. Plagi moja niliikaza kwa nguvu za mkono tu, silinda hedi ni ya alumini, nyuzi za tundu lake zikang'oka. Tangu siku ile nina spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni mita), plagi sizidishi Nm 20 na nati za magurudumu nakaza Nm 110, gari likiwa limeshagusa chini. Na kuna kazi nampelekea fundi bila aibu, kubana springi za shoku ni moja, zile zikifyatuka zinaua, na chochote kinachogusa waya za eabegi.

Sasa ile picha. Mmeweka kijana amelala chini ya gari jekundu, miguu tu inaonekana, na gari limeshikiliwa na jeki peke yake. Hakuna stendi, gurudumu la nyuma halijawekewa hata jiwe. Jeki ya haidroliki inashikilia gari kwa sili za raba, sili ikichoka au jeki ikisogea kidogo hakuna muda wa kutoka. Mimi kila nikiinua naweka stendi mbili kwenye sakafu ngumu, nazuia magurudumu yaliyobaki chini, halafu nalisukuma gari kwa mabega kabla sijaingiza hata mkono, na lile gurudumu nililolitoa nalilaza chini ya bodi. Wapo vijana watakaoikata picha yenu na kuibandika ukutani kwa sababu lile gari ni zuri, nami nimeliangalia mara mbili. Kwahiyo nawaomba Jumamosi ijayo mchapishe nyingine, hata ndogo, kona ya ukurasa, gari lilelile na kijana yuleyule lakini stendi zionekane.

Msomaji wenu, mwenye MX-5